Sauti ya Mama Aurelia wa Redio Nyumbani

Watu wa Songea waliomjua Aurelia Mapunda kwa sura walikuwa wachache, lakini waliomjua kwa sauti hawakuwa na idadi. Akiwa sokoni ameinama anachagua nyanya, hakuna aliyemtazama mara mbili. Akifungua kinywa kuuliza bei, vichwa viligeuka. Muuza dagaa wa meza ya pili alibaki na kopo mkononi. "Si wewe yule mama wa redio?" wakamwuliza, na wengine walimkumbusha tangazo alilowasomea zamani, ambalo yeye mwenyewe alishalisahau.

Sauti yenyewe hakuitilia maanani mpaka alipokutana na Makarius. Wakati huo alikuwa msichana wa Matogoro, kazi yake kusoma matangazo kanisani Jumapili baada ya misa: ndoa zinazokuja, zamu za usafi, ng'ombe aliyepotea. Makarius alikuwa fundi redio. Ufundi aliupatia Hanga, kwa bruda mmoja wa monasteri ya huko aliyekuwa mkali kama pilipili, na alikuwa na kibanda chake Mfaranyaki. Jumapili moja spika za kanisa ziligoma, akaitwa. Alihangaika na nyaya huku Aurelia akisoma kwa mdomo mtupu, na hata akina mama waliokuwa wamesimama nje na watoto wao walisikia kila neno. Watu walipotawanyika, Makarius alikunja nyaya zake akamfuata.

"Nimeitwa kutengeneza spika," alisema, "lakini naona wewe huna haja nazo."

Aurelia alicheka. Mwaka uliofuata walifunga ndoa katika kanisa lile lile, na mwaka mwingine akazaliwa Saimon.

Redio waliianza kwa sababu ya msiba. Mama mdogo wa Aurelia, Walburga, ndiye aliyemlea tangu anatambaa. Akafariki ghafla kijijini, huko mbele ya Namtumbo. Simu zilikuwepo mjini, lakini kule kijijini mtu alipaswa kupanda kichuguu na kunyoosha mkono juu kutafuta mtandao, na masika yalikuwa yamekata njia. Habari zilipofika Songea, mama mdogo alishazikwa. Aurelia alikwenda kibandani kwa mumewe, akakaa kwenye stuli ya wateja. Rafu zote zilijaa redio za watu: za mbao, za plastiki, nyingine zimefunguliwa matumbo.

"Redio zote hizi," alisema, "na hata moja haikuniambia."

Makarius aliweka bisibisi chini. Alijua mke wake anasema kweli. Redio zilizosikika Songea siku hizo zilikuwa za mbali. Mtu aliamka asubuhi akaelezwa foleni ya magari ilivyo Dar es Salaam, asijue kwamba daraja la njia ya kwao limeondoka na maji. Tangu siku ile fundi alianza kukusanya vitu. Akisikia kuna mtambo chakavu umetupwa Iringa, anaufuata. Akiitwa kupanda mnara wa watu Mbeya, anarudi na kipande cha kebo begani. Leseni ilimsumbua kuliko mnara. Aliizungukia miaka, anaambiwa hiki kimepungua, kile kimepungua, naye anarudi nyumbani anakunywa chai kimya na kujipanga upya.

Studio ya kwanza ilikuwa chumba cha Saimon. Kijana alihamishiwa sebuleni, akalala kwenye kochi mpaka alipomaliza sekondari. Ukutani waligandisha trei za mayai walizoomba kwenye migahawa ya stendi, na mlangoni walitundika blanketi mbili nzito kuzuia kelele. Majirani walipouliza hiyo redio yenu iko wapi, Makarius aliwajibu, "Nyumbani." Likawa ndilo jina: Redio Nyumbani.

Blanketi hazikuzuia kila kitu. Jirani yao Lidwina alikuwa akitwanga mahindi kila jioni, na mdundo wa mchi wake uliingia hewani bila kubisha hodi. Mwanzoni Makarius aliona aibu. Kisha wasikilizaji wakaanza kutuma salamu: kwa Mama Aurelia, kwa fundi mitambo, na kwa yule anayetwanga. Lidwina aliposikia ametajwa na mtu wa Ruhuwiko asiyemjua, alitwanga siku ile kama anayecheza ngoma.

Kipindi kilichoijenga redio kilikuwa cha jioni, salamu kwanza, kisha matangazo ya vifo. Salamu Aurelia alizisoma kwa kuchangamka. Zikifika za misiba alinyamaza kidogo, kisha sauti ikashuka na kutulia. Hakurusha jina la marehemu hewani kama anayetupa jiwe. Aliwaita wenye msiba kwanza, kwa majina yao na ya baba zao, akawaambia wakae chini, ndipo akawaeleza. Wengi waliokuwa wakilazwa hospitali za Songea walitoka mbali, hadi Tunduru, na wakifariki ndugu zao hawakuwa na habari. Kwa hiyo wafanyabiashara wa Tunduru walimwita Makarius, wakamsaidia kusimamisha mnara wa pili upande wao, na sauti ya Aurelia ikafika kwenye mikorosho.

Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi. Saimon alikwenda Iringa kusomea mitambo ya sauti, akarudi na kuchukua kazi za baba yake za studio, maana Makarius alipenda zaidi kibanda chake. Ndipo shingo ya Aurelia ilipoanza kuvimba.

Kwanza alifunga kitambaa. Halafu akaanza kukosa pumzi akipanda kilima cha kwenda kanisani, na hewani ikabidi avute pumzi katikati ya sentensi. Lilikuwa rovu. Daktari alimweleza mapema, kwa upole, akampa muda wa kufikiri: uvimbe umekumbatia mshipa unaoendesha sauti. Ukiachwa utaziba njia ya hewa. Ukitolewa, huenda sauti isirudi.

Makarius alitaka waulize kwa daktari mwingine. Wakauliza. Jibu likawa lile lile.

"Basi nipumue kwanza," Aurelia alisema. "Hayo mengine tutayaona."

Jioni ya mwisho alisoma salamu na matangazo kama kawaida, hakuaga mtu. Alizima maiki, akakaa kidogo akizitazama zile trei za mayai, kisha akatoka kwenda kupika.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Aurelia alizinduka, akavuta pumzi ndefu ambayo hakuwa ameivuta kwa muda mrefu, akafungua kinywa kumwita mumewe. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo mdogo, kama gunia linaloburutwa kwenye mchanga. Makarius alimshika mkono akamwambia asiseme, apumzike, itarudi. Ilipita miezi, haikurudi.

Hakuna aliyejua ukimya ule ulivyokuwa mzito isipokuwa mwenyewe. Alizoea kumwita Makarius kutoka jikoni hadi barabarani, sasa alimwita kwa kugonga sufuria na mwiko. Wageni walizungumza naye taratibu na kwa sauti ya juu, kana kwamba tatizo ni masikio. Kanisani alikaa na kwaya akichezesha midomo tu, mpaka siku moja alihamia benchi la nyuma, na hakuna aliyemwuliza.

Redio nayo iliyumba. Saimon alijaribu huyu na yule, lakini wengine walisoma misiba mbio mbio kama wanaokimbizwa, na mmoja alitaja jina la marehemu huku muziki wa dansi ukiwa haujazimwa vizuri. Salamu zilipungua. Saimon akajaza saa zile kwa nyimbo. Kisha kampuni moja ya Dar es Salaam ikaleta maombi: Redio Nyumbani irushe vipindi vyao kutwa nzima, ibaki na saa moja tu ya kwake. Familia ilikaa sebuleni kuzungumza.

"Mitambo haitazimika, na mimi nitapumua," Saimon alisema. "Baba, watu hawatusikilizi tena. Wanamsubiri Mama."

Makarius alimtazama mkewe. Aurelia alitazama mikono yake. Wakakubaliana waijibu ile kampuni baada ya mavuno ya korosho, maana wakati huo wa Tunduru wangekuwa na matangazo mengi.

Katika siku hizo ndipo alipokuja Saada. Alikuwa binti wa Nalasi, Myao, amesomea uandishi wa habari, na alikuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Saimon alimpa salamu, kisha akampa na misiba. Saada alikuwa na sauti safi, yenye kutulia, na jioni ya kwanza Aurelia aliisikiliza akiwa jikoni, akasikia kitu kikimchoma kifuani. Alinyoosha mkono akazima redio. Kesho yake akaizima tena. Ilikuwa mara ya kwanza Redio Nyumbani kuzimwa ndani ya nyumba ile, na Makarius aliona.

Jioni moja Saada alitoka studio kabla ya wakati. Aurelia alisikia nyimbo zikifuatana ukutani bila mtangazaji. Binti alisimama kwenye mlango wa jikoni, mtandio wake ukiwa umelowa upande mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, naomba nikuulize. Leo nimeletewa tangazo la mtoto mchanga. Nimesoma jina la mama yake, nikashindwa kuendelea. Nimekaa kimya hewani mpaka Saimon akaweka muziki." Alijifuta uso. "Wewe ulikuwa unafanyaje usilie?"

Aurelia alimwonyesha stuli akae. Ilibidi amsogelee ndipo asikike.

"Nilikuwa nalia kabla," alinong'ona. "Nachukua matangazo, nayasoma hapa hapa jikoni, peke yangu. Nikishamaliza kulia nanawa uso, ndiyo naingia."

Saada alimtazama kama asiyeamini. Miaka yote ile, kule Nalasi, alidhani mama wa redio ana moyo wa chuma.

Kuanzia siku hiyo Saada alipitia jikoni kila jioni. Aliyasoma matangazo kwanza mbele ya Aurelia, huku mmoja akimenya viazi na mwingine akipepeta mchele. Wakilia, wanalia. Halafu binti ananawa anaingia studio, na Aurelia anafungua redio.

Msimu wa korosho ulipoanza, Saada aliomba ruhusa ya kwenda kwao, akaomba aende na Aurelia. Mama yake, Tabu, alikuwa akimwalika kila wiki kwa simu. Aurelia alikataa. Angekwenda kufanya nini ugenini na koo lile?

"Nenda, Mama Saimon," Makarius alisema. "Hapa unapanga vikombe kabatini, unavipangua, unavipanga tena."

Saimon naye alimpa kinasa sauti kidogo. "Kuna mnada wa korosho huko. Nirekodie sauti za mnada, Mama. Huna haja ya kusema kitu, bonyeza tu hapa."

Tabu aliwapokea kwa bashasha, akawapikia wali na kuku. Asubuhi aliondoka na Saada kwenda kumjulia hali bibi mgonjwa, wakamwacha Aurelia barazani kwa jirani, pamoja na akina mama waliokuwa wakichambua korosho kabla ya kupeleka ghalani. Hawakumjua. Aliwasalimu, wakasikia mkwaruzo ule, wakampa pole ya mafua. Alitabasamu, akavuta mkeka, akaanza kuchambua nao. Kinasa sauti alikiweka karibu na goti, akakibonyeza ili ajaribu tu kama kinafanya kazi kabla ya kwenda mnadani.

Redio ndogo ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Ilikuwa inapiga muziki wa Redio Nyumbani.

"Siku hizi ni nyimbo tu," alisema mmoja wao, mwanamke mrefu aliyeitwa Shamimu. Alikuwa amesimama akipepeta takataka kwa ungo. "Tangu yule mama afariki."

Aurelia aliacha kuchambua.

"Kafariki?" aliuliza mwingine. "Nani kasema?"

"Aseme nani? Si alinyamaza. Mtu kama yule atanyamaza vipi akiwa hai?" Shamimu alipepeta kidogo. "Mimi yule mama namwombea dua hadi leo. Kaka yangu Azizi alilazwa Songea, mume wangu yuko safarini, simu sina. Jioni nasikia redio ya jirani inaniita jina langu na la baba yangu, Abdulswamadu. Ikaniambia nikae chini. Nami nikakaa, ndiyo akanieleza. Tulikodi gari, tukawahi maziko. Nilimtia kaka yangu udongo kwa mkono wangu. Mwenyezi Mungu amrehemu yule mama."

"Ni mimi," Aurelia alisema.

Hawakumsikia. Mmoja akauliza, "Mgeni anasemaje?" Akarudia. Walimsogelea, wakasikia, wakaangua kicheko cha upole, kama watu wanaomstahi mgonjwa. Shamimu alitikisa kichwa. Yule wa redio alikuwa na sauti ya kujaza nyumba.

Aurelia alisimama, akamkaribia mpaka mdomo wake ukawa karibu na mtandio wa Shamimu.

"Shamimu binti Abdulswamadu wa Nalasi," alinong'ona, taratibu, kama alivyozoea kusoma. "Kaa chini. Mwite aliye karibu nawe akushike mkono. Usikae peke yako na habari hii."

Maneno hayo ya kushikwa mkono Shamimu hakuwa ameyasimulia. Aliweka ungo chini. Alikaa hapo hapo kwenye vumbi, akaushika mkono wa Aurelia kwa mikono yake miwili, akauweka shavuni. Mwanamke mmoja alikwenda kuizima redio ya msumarini.

Baada ya hapo walimzunguka wakaongea. Na kwa kuwa sauti yake ilikuwa ndogo, waliinamisha vichwa kumsikia, na wao wenyewe wakaanza kuongea chini chini bila kujijua. Mmoja alieleza jinsi anavyoogopa jioni tangu mwanawe avuke mpaka kutafuta kazi Msumbiji. Mwingine alieleza kwamba yeye ndiye anayepulizia mikorosho dawa na kuokota korosho, lakini siku ya kuuza haitwi. Mwingine akasimulia alivyokutana na mumewe, wakacheka mpaka korosho zikamwagika. Mambo ya namna ile hayasemwi kwenye mkutano. Yalisemwa pale, vichwa vikiwa pamoja, kinasa sauti kilichosahauliwa mkekani kikiendelea kunasa, na mnadani Aurelia hakufika.

Aliporudi Songea, Saimon alivaa vidude vyake vya masikioni, akakaa mbele ya kompyuta kusikiliza.

"Mama, mnada uko wapi?"

"Sikwenda."

Alitaka kulalamika, lakini sauti ya Shamimu ilishaanza. Saimon alisikiliza. Alipofika mahali pa "Ni mimi," aliinua macho akamtazama mama yake, kisha akayashusha tena. Alisikiliza hadi mwisho bila kusogeza mbele hata kidogo. Aurelia aliyekuwa akimtazama alimwona akijifanya anakuna pua.

"Hiki ni kipindi," alisema hatimaye. "Saada ataweka maelezo, sisi tunaweka hawa akina mama."

"Na mimi nauliza maswali," Aurelia alinong'ona. "Nitakwenda vijiji vingine."

Saimon alivua vidude polepole. "Mama, nisikilize. Sauti yako ... watu watadhani redio zao zimeharibika."

Makarius alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi nyuma ya sikio. "Wakidhani hivyo wataleta kwangu," alisema. "Kwani mimi fundi wa nini?"

Alasiri hiyo Saimon alimkalisha mama yake kwenye kiti chake cha zamani. Alijaribu maiki moja, akajaribu nyingine. Alipunguza huku, akaongeza kule, akikunja uso kama baba yake anapochomelea waya. "Sogea, Mama," alisema kupitia kioo. Aurelia akasogea. "Sogea tena. Sogea mpaka midomo iguse." Akasogea, akasema jina lake na la kijiji alichozaliwa, na kwenye spika za studio mkwaruzo ule ulitoka mzito na wa karibu, kama mtu aliyekaa ubavuni kwako. Saada alikuwa amejibanza pembeni. Alirudia neno lile kwa kucheka: "Sogea, Songea." Hivyo kipindi kikapata jina lake, Sogea, cha Jumamosi asubuhi.

Jumamosi ya kwanza simu hazikukatika, na si zote zilikuwa nzuri. Mtu mmoja aliomba waambiwe watangazaji waache kumweka mzee mgonjwa hewani. Aurelia alisikia, akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya nyumba kwenye mahindi. Makarius alimfuata. Hakumpa maneno ya kumfariji, alimpa kikombe cha chai tu, wakasimama pamoja wakitazama ukungu ukiachia vilele vya Matogoro.

Jumatatu, mzee Polikarp wa Lizaboni alifika kibandani Mfaranyaki na redio yake imefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Fundi, hii imekauka koo. Jumamosi ilikuwa inakwaruza tu."

"Ilikwaruza yote?"

Polikarp alifikiri. "Hapana. Akina mama wa Tunduru walisikika vizuri. Huyo anayewauliza ndiye aliyekwaruza."

Makarius aliifungua redio, akaipangusa vumbi kwa heshima ya mteja, akaifunga.

"Haina ugonjwa," alisema. "Huyo ni mke wangu. Walimtoa rovu, sauti haikurudi. Ndiye aliyekuwa anakusomea salamu zako zote, Polikarp."

Mzee alikaa kwenye stuli ya wateja. "Na mimi nimesema mbele ya watoto, mzimeni huyo," alisema mwisho. "Basi, Jumamosi nitawaambia ni nani."

Aliwaambia watoto, na watoto wakawaambia wenzao. Waliokuja na redio zao wiki hiyo walipewa maelezo yale yale bure, na Jumamosi ya pili wasikilizaji walikwishajua. Walianza kusogeza viti. Kwenye vilabu vya ulanzi, ile pombe ya mianzi, watu wa Majengo walisimulia, mwenye klabu aliwanyamazisha walevi Sogea ikianza, maana mmoja akiongea wengine hawasikii. Salamu zilirudi. Kutoka Nalasi zilikuja nyingi, zote za Shamimu na wenzake, za kumsalimu mama ambaye walishamfanyia dua ya marehemu.

Korosho zilipokwisha kuuzwa, mtu wa ile kampuni alipiga simu kutaka jibu. Saimon ndiye aliyeipokea. Alimsikiliza kwa adabu, akamwambia familia imekaa na imeona iendelee na redio yake kama ilivyo, isipokuwa kama wao wangependa kununua kipindi cha Jumamosi wakirushe huko Dar. Yule mtu alisema atafikiri. Saimon alikata simu, akarudi kurekebisha waya.

Saada alimaliza mafunzo yake, akaajiriwa. Misiba ni yake sasa, na mpaka leo haingii studio kabla ya kupitia jikoni. Ana namna yake mwenyewe: hutulia kidogo baada ya kutaja jina, kwa muda wa kusema innalillahi moyoni, na wasikilizaji wa dini zote wameizoea.

Daktari amemwambia Aurelia kwamba sehemu ya sauti yake huenda ikarudi kidogo kidogo, aipe muda. Anakwenda kliniki akipangiwa, lakini haulizi tena kila mara. Ana safari nyingi. Makarius amemshonea mfuko wa ngozi wa kinasa sauti, anauvaa begani kama mkoba.

Mwezi uliopita alikuwa Mbinga, kwa wachumaji wa kahawa. Bibi mmoja wa Kimatengo alikataa kabisa kuzungumza. Alisema hana la kusema, aulizwe mwanawe, ndiye aliyesoma. Aurelia hakumbembeleza. Alichukua kikapu akaanza kuchagua buni mbivu pamoja naye, na baada ya kitambo akamwuliza kitu kwa sauti yake ile. Bibi aliinua uso, akamwangalia shingo, akaliona kovu. Aliuvuta mkeka wake karibu.

"Rudia," alisema. "Umesema unataka kujua nini?"

Aurelia alirudia. Aliuliza shamba lile lilikuwaje siku bibi alipoingia kama bi harusi. Bibi alikaa vizuri, akafuta mikono kwenye kanga yake, akaanza kueleza.